Wanangu, Someni Wenyewe



Mfalme Yosia alikuwa kijana wa miaka 26 siku Shafani mwandishi alipoingia kwake na kitabu kilichookotwa hekaluni. Mafundi walikuwa kazini wakikarabati nyumba ya Bwana, kuhani mkuu Hilkia akakikuta kitabu cha torati, akampa Shafani, naye Shafani akamsomea mfalme. Yosia aliposikia yaliyomo alirarua mavazi yake, akalia, akatuma watu kwa nabii Hulda wamuulizie Mungu. Fikirini hali ilivyokuwa: hekalu lipo, makuhani wapo, sadaka zinatolewa, na kitabu chenyewe kimepotea humo humo ndani bila hata mtu kukitafuta.

Habari hiyo mmehubiriwa mara nyingi. Inayofuata huhubiriwa kwa nadra, nayo inawahusu ninyi hasa.

Yosia alikuwa na mwana aliyekuja kuitwa Yehoyakimu. Ukipiga hesabu ya miaka iliyotajwa katika Wafalme wa Pili, utaona mtoto huyu alikuwa na umri wa kama miaka 12 baba yake aliposomewa kitabu kile. Uamsho wa Yuda hakusimuliwa. Ulipita nyumbani kwao. Sanamu zilivunjwa akiwa mkubwa wa kutosha kukumbuka, na ile Pasaka kubwa isiyokuwa na mfano tangu siku za waamuzi ilifanyika naye yupo. Miaka 20 haikufika, yeye ndiye mfalme. Ni mwezi wa tisa, wakati wa baridi, ameketi katika nyumba yake ya majira ya baridi na moto wa makaa unawaka mbele yake. Mtumishi aitwaye Yehudi anamsomea gombo la maneno ya nabii Yeremia. Kila Yehudi akimaliza safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hadi gombo lote likateketea. Kisu kile kilikuwa kifaa cha kazi ya kuandika. Na Biblia inaongeza neno moja kwa makusudi: mfalme na watumishi wake hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Baba alirarua nguo kwa ajili ya neno; mwana akalikata neno, nguo zikabaki nzima.

Kati ya watu hao wawili kuna kizazi kimoja tu. Ndiyo maana nawaandikia.

Mimi ni mzee wa kanisa. Wengi wenu niliwaona mkiletwa kubatizwa, kisha mkihudhuria mafundisho ya kipaimara Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi siku mliposimama mbele ya usharika mmevaa nguo nyeupe mkajibu maswali bila kukwama. Wazazi walipiga vigelele, mkapewa Biblia mpya zenye jina lenu ukurasa wa kwanza. Nimeingia katika nyumba zenu kwa ibada za jumuiya, nikazikuta Biblia zile juu ya kabati zikiwa bado zinang'aa kingo. Hamjaacha kanisa, kwaya mnaimba, kwenye mikesha mnajaa kuliko sisi tulivyojaa ujanani. Lakini ukikaa na kijana umuulize wiki hii amesoma nini katika Neno, anafungua simu na kukuonyesha mstari aliotumiwa asubuhi, wenye picha ya jua linalochomoza nyuma yake.

Simu sina ugomvi nayo. Biblia iliyo ndani ya simu ni Biblia, na kijana aliye kwenye daladala kutoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri akisoma Isaya kwenye kioo cha simu anasoma Isaya. Ninachokihofia ni ule mstari mmoja. Umechaguliwa na mtu mwingine, na mtu huyo hachagui mistari inayokukemea. Mwaka mzima unaweza kutumiwa mistari ya ushindi, ya kuinuliwa na ya adui kuaibishwa, usitumiwe hata siku moja mstari wa kulipa deni au wa kumheshimu baba mkwe. Ukiishi hivyo miaka kumi, umekuwa Mkristo wa miaka kumi ambaye hajawahi kukutana na Mungu anayemkatalia jambo.

Chukueni mfano mnaoujua wote. Kumbukumbu la Torati sura ya 28, ahadi ya kuwa kichwa wala si mkia. Nimeiona kwenye kioo cha nyuma cha basi, kwenye fulana za vijana, kwenye kanga, na kila Desemba 31 usiku inatamkwa kwa sauti juu ya mwaka mpya. Ahadi ni ya kweli na imo katika mstari wa 13. Sasa ifungue sura nzima. Ina mistari 68. Baraka zimekaa katika mistari 14 ya kwanza, na mlango wa kuingilia baraka hizo ni sharti la kuisikia sauti ya Bwana na kuyafanya aliyoagiza. Mistari 54 iliyobaki ni laana, kali kiasi kwamba ukiisoma kwa sauti unashusha sauti mwenyewe. Na ukifika mstari wa 44, kichwa na mkia vinarudi tena, safari hii vimegeuzwa: mgeni aliye kati yako ndiye anakuwa kichwa, wewe unakuwa mkia. Sura ile ile iliyotoa ahadi inaeleza jinsi ahadi inavyopotea. Aliyekufundisha mstari wa 13 bila wa kwanza na wa 44 amekupa nusu ya maneno ya Mungu, na sijui tunapata wapi ujasiri wa kumkatisha Mungu katikati ya sentensi.

Mwingine ni ule wa Zaburi ya 105 unaokataza masihi wa Bwana wasiguswe. Huu umeniumiza zaidi, kwa sababu nimeusikia ukitumika kumnyamazisha mama mmoja mjane aliyeuliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi. Someni zaburi yenyewe kuanzia juu. Inamsimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihama taifa hadi taifa bila ardhi wala jeshi, na Mungu akawakemea wafalme kwa ajili yao. Ni neno la kumlinda mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu, aliyesimama na kipaza sauti na walinzi, analitumia dhidi ya mjane. Mtu aliyesoma zaburi hiyo mara moja tu, nzima, hawezi kutishwa nayo tena.

Ni vizuri mjue pia kwamba nambari zenyewe ziliwekwa baadaye sana. Sura tulizo nazo ziligawanywa na Stephen Langton wa Uingereza katika karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya ilihesabiwa na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551. Zinatusaidia kutafuta mahali, nami nashukuru. Lakini Paulo hakuwaandikia Wafilipi mistari. Aliandika barua akiwa kifungoni, na barua husomwa kuanzia salamu mpaka kwaheri. Wafilipi ina sura nne. Hata ukiisoma kwa sauti, nusu saa haiishi. Jaribuni kufanya hivyo wakati mmoja bila kusimama, muone yale maneno ya kuyaweza mambo yote yanavyosikika yakitoka kinywani mwa mfungwa aliyekwisha kusema kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa.

Mtu mzima akiwaonya watoto hataji hatari kwa mbali, kwa hiyo nitaitaja. Machi 2000, Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo walilokuwa wakisali. Februari 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta yaliyomwagwa chini kama mafuta ya upako. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu, na wengi walikuwa watoto. Sitawahukumu marehemu. Walikuwa na shida zetu hizi hizi, wagonjwa, wenye madeni, wenye ndoa zilizovunjika, na wengine nina hakika walimpenda Mungu kuliko mimi. Ila ninyi mlio hai nawaambia: wote waliongozwa na mtu aliyesimama kati yao na Biblia akiwaambia imesema nini. Injili inasema wazi kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, na Bwana mwenyewe alipomfufua binti Yairo, jambo la kwanza aliloagiza ni mtoto apewe chakula. Luka ameliandika, sura ya 8. Msichana wa miaka 12, katoka mautini, na Yesu anataka ale.

Mtume Paulo hakukasirika alipochunguzwa. Watu wa Beroya walimsikiliza, kisha kila siku wakayapekua Maandiko waone kama anayosema ndivyo yalivyo, na Luka anawataja kuwa waungwana kuliko wenzao wa Thesalonike. Kama Paulo alipimwa, hakuna mchungaji, nabii wala mzee wa kanisa asiyepaswa kupimwa, na mimi nimo. Kwa hiyo fungueni sehemu zote nilizozitaja hapa, mzione wenyewe.

Tena mkumbuke kwamba shetani alipomjaribu Bwana jangwani alikuja na andiko. Alichukua maneno ya Zaburi ya 91, zaburi ya ulinzi, tamu kabisa, akamwambia ajitupe kutoka kinara cha hekalu. Yesu alimjibu mara tatu, na mara zote tatu jibu lilitoka kitabu kimoja, Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Alikuwa na njaa, yuko peke yake, hana gombo mkononi. Alijibu kwa kilichokuwa kimeshakaa ndani yake. Ninapowasikia vijana wakisema Agano la Kale ni zito na wanaliruka, huwa nakumbuka jibu lile la jangwani limetoka wapi.

Mwandishi wa Waebrania aliwaambia wasomaji wake kwamba kwa muda waliokaa katika imani walipaswa kuwa walimu, lakini bado wanahitaji maziwa. Kisha akaeleza mtu mzima ni nani: yule ambaye akili zake zimezoezwa, kwa kutumiwa, kupambanua mema na mabaya. Angalieni hakutaja karama, wala miaka, wala cheo. Alitaja zoezi. Mwenye mvi anaweza kuwa mchanga na binti wa miaka 19 akawa mtu mzima, na katika usharika wetu wote wawili wapo.

Nitawaeleza kijana mmoja, bila jina lake. Ni fundi pikipiki, ana kibanda njia panda. Tulikubaliana asome Luka, sura moja kila usiku baada ya kufunga kazi, na hakuwa msomaji. Nilimwona kibandani akinawa mikono yenye grisi kwa sabuni ya unga kabla ya kushika kitabu, asichafue kurasa. Jioni moja alinifuata nyumbani akaniuliza, "Babu, Zakayo kwa nini alirudisha mara nne? Si angerudisha alichochukua tu?" Tukafungua Kutoka 22, tukaona kwamba mwizi wa kondoo alitakiwa kulipa kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo alijihukumu kwa sheria ya mwizi wa mifugo ingawa yeye alikuwa ofisa wa kodi. Kijana akanyamaza, akaaga. Baadaye nikasikia kutoka kwa mwendesha bodaboda mmoja kwamba fundi alimwita, akamwambia ile cheni aliyomfungia haikuwa mpya kama alivyomtoza, akamrudishia fedha kwa mafungu mawili, nusu wiki ile na nusu mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemhubiria habari ya cheni. Hata mimi sikuijua. Luka 19 ilimkuta kibandani kwake.

Huko ndiko kukua ninakokusema. Hakuonekani kwenye kesha. Kunaonekana pale mtu anaporudisha simu aliyoiokota, anapoacha kumjibu mkewe kwa ukali, anapomwambia mchumba wake kwamba watasubiri ndoa na kweli wakasubiri, anapofiwa na bado akasali.

Mama yangu mzazi alijifunza kusoma katika madarasa ya ngumbaru miaka ya 1970, tukiwa tumeshazaliwa. Serikali ilitaka kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Yeye alitaka kuzisoma Zaburi bila kumngojea mwinjilisti. Alipoipata Biblia aliivika gamba la karatasi ya kaki na kuishona pembeni kwa uzi wa gunia. Alisoma kwa kibatari, kidole kikipita chini ya maneno, neno refu akalivunja silabi kwa silabi kisha akalirudia zima kwa fahari. Akifika mahali asipopaelewa hakuruka. Alichomeka njiti ya kiberiti kati ya kurasa, na Jumapili baada ya ibada alimfuata mwinjilisti na Biblia yenye njiti, akafungua moja moja. Mwinjilisti yule alikuwa mvumilivu, na mara nyingine alimwambia, "Mama, hapo na mimi niachie nikasome." Hakuwa na cheti cha chochote. Lakini ilipokuja kijijini kwetu habari ya mtu anayeuza maji ya uponyaji, kina mama walimtazama yeye kwanza kabla ya kufungua mafundo ya kanga kutoa fedha, naye akawaambia habari ya Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyemkimbilia Naamani kudai malipo ya uponyaji uliotolewa bure, akarudi na ukoma. Biashara ikafia hapo.

Sasa turudi Yerusalemu kidogo, kwa sababu kuna nyumba ya pili katika habari ile. Nyumba ya Yosia ilipoteza Neno kwa kizazi kimoja. Nyumba ya Shafani, yule mwandishi aliyemsomea Yosia, haikulipoteza. Mwanawe Ahikamu ndiye aliyemkinga Yeremia asiuawe. Mwanawe mwingine, Gemaria, alikuwa na chumba hekaluni, na katika chumba hicho Baruku, mwandishi wa Yeremia, alisoma gombo lile mbele ya watu. Mjukuu wake Mikaya alikuwa anasikiliza. Akashuka mbio kuwapelekea wakuu habari. Na mfalme alipokuwa akikata gombo, Gemaria alikuwa mmoja wa watatu waliomsihi asilichome. Babu alisoma, baba alitoa chumba akasihi, mjukuu akasikiliza akatangaza. Wote waliishi mji mmoja na Yehoyakimu, wakaona uamsho ule ule. Biblia haielezi Shafani alifanya nini nyumbani kwake, ila mimi, nikizijua kazi za waandishi, naona nyumba ambayo kitabu kilikuwa kikifunguliwa mbele ya watoto siku ambazo hakukuwa na mfalme wa kusomewa. Gombo lililochomwa, kwa habari yenu, liliandikwa upya lote, na maneno mengi yakaongezwa.

Kitabu mnachokiacha kabatini kimetufikia kwa gharama. Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Hakuacha. Unguja, Askofu Edward Steere alitafsiri Agano Jipya huku akijenga kanisa Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa, na kati ya waliopanga herufi na kuchapa kurasa walikuwamo vijana waliokombolewa utumwani. Vijana wa umri wenu, wameondolewa minyororo, wanapanga herufi za Injili moja baada ya nyingine. Krapf alikufa 1881, Steere 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka 1891, wote wawili hawakuiona. Ya Kimvita ilikamilika 1914, na ile ya muungano tunayoisoma makanisani ilitoka 1952. Tangu sura ya kwanza ya Krapf hadi hapo ni miaka 108.

Na ninyi mnaopenda uamsho, nami naupenda, jueni ulikotoka huu wa kwetu. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikaa siku mbili na Biblia zao wakisali na kufuatilia andiko kwa andiko habari za Roho Mtakatifu. Mmoja mzungu, mwingine Mwafrika, wakati ambao hilo halikuwa jambo la kawaida. Miaka iliyofuata moto ukawaka Gahini nchini Rwanda alikofanya kazi Church, ukaenea Uganda, Kenya, Burundi na Tanganyika. Wakenya wengi wa uamsho ule walikataa kiapo cha Mau Mau miaka ya 1950 na pia wakakataa kubeba bunduki upande wa serikali, na baadhi yao waliuawa. Hawakuupata uthabiti huo kwenye vyombo vya muziki.

Basi someni hivi, kama mtanisikiliza. Msianze na Mwanzo mkidhani lazima mfike Ufunuo kwa mpangilio. Wengi hukwama katika Mambo ya Walawi wakaacha kabisa. Anzeni na Injili, halafu Matendo, halafu barua moja moja, na pembeni zaburi moja kila siku. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa inalimaliza kwa mwaka mmoja. Halafu ndipo mwende Mwanzo, na mtashangaa jinsi Walawi inavyoanza kusema mkiijua Waebrania. Chagueni wakati ambao ni wenu kweli. Mama mwenye mtoto anayenyonya asijilazimishe saa kumi alfajiri kwa sababu mhubiri amesema. Someni kwa sauti mkiweza, maana ndivyo watu wa kale walivyosoma; Filipo alimsikia yule towashi wa Ethiopia akisoma Isaya garini. Wekeni njiti, au penseli, au alama kwenye simu, mahali msipopaelewa, mpaulizie. Na msifungue kitabu kwa kubahatisha mkaweka kidole mkasema Mungu amesema, wala msikilaze chini ya mto kufukuza ndoto mbaya. Hiyo ni hirizi, hata kama jalada lake limeandikwa Biblia Takatifu.

Jihadharini pia na ugonjwa wa wasomaji. Nimewaona waliosoma sana wakageuka washindani, kila mazungumzo ni mstari, kila mtu ni mzushi, na nyumbani mke anawaogopa. Yakobo amewafananisha na mtu anayejitazama kwenye kioo akaondoka akasahau sura yake. Ukisoma na wiki nzima hakuna ulichobadilisha, simama hapo hapo usiendelee na sura nyingine hadi umefanya kitu kimoja katika uliyoyasoma. Na someni wawili au watatu pamoja, tena na mtu asiyewaogopa, kwa sababu peke yako utasoma kila kitu kikiwahusu jirani zako.

Huwa mnaniuliza mfanye nini mkikosa siku. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliwatengenezea waumini wake mwaka 1842 mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka, na mpaka leo watu wanautumia. Alikufa mwaka uliofuata akiwa na miaka 29 tu. Pamoja na mpango aliwaandikia hatari zake: kusoma kwa desturi tu, kujiona mwenye haki kwa kuwa umetimiza kiasi cha siku, kusoma ovyo ili umalize, na kujitwisha nira usiyoiweza. Kwa hiyo ukikosa siku mbili, usisome sura tatu kwa haraka kulipa. Soma ya leo.

Mlio na watoto wachanga msingoje wakue. Baba yake Timotheo alikuwa Myunani, na Paulo anapotaja imani ya kijana huyo anamtaja bibi yake Loisi na mama yake Eunike, kisha anasema aliyajua Maandiko tangu utoto. Wasomeeni hata wakiwa wanacheza chini ya meza.

Na wale mnaotaka kungoja Januari: Marko ina sura 16. Mkianza usiku wa leo, sura moja kila usiku, wiki tatu haziishi mmeimaliza. Mkishafika sura ya 14 mtamkuta kijana mmoja usiku ule wa Gethsemane aliyekamatwa kwa shuka lake, akaliacha, akakimbia uchi. Nifuateni chini ya ule mwembe baada ya ibada mniambie mnadhani alikuwa nani, na kwa nini Marko aliona ni lazima amwandike.